Filimbi ya Nestor

Baraka, jioni, mbele ya safari yako

Faida mwanangu,

Kaye yako, ile daftari ya masomo, haikupotea. Mi ndiye niliiba. Nilikuona unaitafuta mu valizi ya nguo mara mbili, unagombanisha batoto ba dada yako bule, na mi nimekaa pale ku kiti changu, kaye iko chini ya matako, nakuambia "angalia kwanza chini ya kitanda". Samehe mzee. Nilitaka hii barua ikuwe pahali penye utafungua. Karatasi ya peke yake ungeiweka mu sakoshi, useme nitasoma kesho, nitasoma kesho kutwa, halafu panya ya kule Kalemie unaenda kazi ingesoma mbele yako.

Sasa umeenda kuaga bamama ba korali ya kanisa, jua iko bado juu kidogo, na mama yako anatwanga sombe, majani ya muhogo, huko nyuma. Najua nina saa mbili hivi. Mukono wangu uko polepole. Nilifika tu mwaka wa tano ya primeri, na huo wa tano wenyewe mwalimu alinipitisha juu nilikuwa namuletea samaki.

Mambo ya moskitere juu ya mbu, ya maji ya kuchemsha na ya kanisa, mama yako ameshasema mara kumi. Mambo ya banaume dada yako amesema, na ameongeza ya kwake. Mi niko na kitu moja tu ya kusema: naogopa.

Naogopa toka wiki mbili. Unaona nacheka, unafikiri mzee anafurahia kubakia na chumba yako. Nacheka juu nikinyamaza mutajua. Na siogopi ziwa. Ziwa lilijaribu kunimeza mara tatu likanitema, nafikiri ladha yangu ni mbaya. Naogopa karatasi mbili zenye nimekuta humu mu kaye: ule ukurasa wako wa visanduku, na kontra ya kazi kwa Patron Etando, mwenye boti za Kalemie, yenye utaweka sinyatire, saini yako, kesho asubuhi mbele ya kupanda boti. Ndiyo, niliisoma. Muntu mwenye ameiba kaye hawezi kusoma nusu.

Tuanze na visanduku. Umeandika juu yake "organisation", na mistari mbili chini, na rula. Nilisoma na kidole. Unasema kupanga kazi ni kuigawanya, kila muntu ajue sehemu yake, ajue nani anamuamuru, na apewe uwezo wenye unalingana na ile atajibia. Miaka mitatu ku institut, mwanangu, kujifunza kile mi nilijifunza mu asubuhi moja. Lakini masomo yako haikuua muntu. Yangu iliua.

Subiri. Nitafika pale. Acha nizunguke kidogo, sawa vile mbuzi anazunguka mbele ya kulala.

Unajua Bacha Baseme, boti yetu ya zamani, wakati tulikuwa tunakaa Swima. Mita kumi na mbili, mbao ya muvule, motere ya mutumba. Ilikuwa inabeba muhogo, mawese, karanga na bantu, inaleta soko ya Baraka, inarudia mangaribi. Mwanzo, mu ile boti hakuna muntu alikuwa na kazi. Ninamaanisha, sisi wote tulikuwa na kazi zote. Mi napakia, Wilondja nahodha anapakia, bapagazi banapakia. Mi natia esansi, mafuta ya motere, yeye anatia esansi. Nilikuwa najisifu: "Kwangu hakuna mukubwa na mudogo, sisi ni ndugu." Halafu siku moja motere ilikufa katikati ya ziwa, mbele hata ya kuona Baraka.

"Esansi," Wilondja akasema.

"Si ulitia?"

"Mi? Si ni wewe ulitia, Mzee? Nilikuona umeshika bidoni ya mafuta."

"Nilishika bidoni juu ilikuwa njiani, nikaisogeza!"

Tulikaa pale toka asubuhi mpaka jua ikaanza kushuka, tunapiga kasia kwa zamu. Bamama ba mu boti bakatutukana kwa Kibembe, Kifuliru na Kirundi. Mama moja, mukubwa wa mwili, akakamata ndizi zake akagawia bantu wote isipokuwa sisi wawili. Akasema, "Benye boti bakule undugu yao."

Mama yako alicheka wiki nzima. Halafu akaacha kucheka, akasema: "Gawanya kazi, baba Faida. Siku ingine haitakuwa esansi."

Nikagawanya. Na hapo ndipo nilimuleta Nestor.

We unamukumbuka Nestor, na unamukumbuka vibaya. Hiyo vibaya ndiyo nataka kuitoa leo, sawa muiba ya samaki mu koo. Alikuwa mukimbizi, Murundi wa milimani, mulimaji. Ziwa alikuwa analiangalia sawa vile unaangalia mbwa ya muntu mwingine. Hakujua kuogelea. Lakini alikuwa na macho. Siku ya kwanza alikaa ku muchanga, akaangalia boti inaenda na inarudi, mara tatu, mara ine. Siku ya pili akaomba rangi nyeupe, akachora mustari ku mbavu ya boti, mbele mpaka nyuma.

"Hii ni nini?" nikamuuliza. "Unapamba bibi-arusi?"

"Maji ikigusa hapa, Mzee, imetosha."

"Murundi wa mulima, atufundishe maji!" Mwalo wote, pale boti zinafungwa, ukacheka. Mi mwenyewe nikacheka kuliko bote. Lakini nikaona ni muzuri, nikamupa kazi: shefu wa mizigo. Yeye ndiye atasema boti imejaa ao bado. Na nikamununulia filimbi ya chuma, sawa ya arbitre wa mupira, akaifunga na kamba ya kiatu, akaivaa ku shingo. Kwetu ku Swima boti inaondoka na filimbi tatu: ya kwanza mizigo, ya pili bantu, ya tatu nahodha anavuta kamba ya motere. Mwenye anapiga ya tatu, yeye ndiye anasema twende. Nilimupa hiyo mbele ya bantu bote. Nilijiona patron wa kweli.

Sasa sikiliza ubaya wangu, maana ulianza pole, kwa kucheka.

Kwetu kulikuwa na kitu tunaita mufuko ya heshima. Unajua, we ulikuwa unaona. Boti ikishajaa, mwenye boti anaweza bado kuongeza mufuko moja, ya muntu mwenye anaheshimu: mukwe, pasta, mama muzee. Mufuko moja haizamishi boti, tulisema hivyo, na ni kweli. Basi Nestor akikatalia muntu, ule muntu anakuja kwangu, ananibembeleza kidogo, ananiita Patron, na mi napaza sauti toka kule nimekaa: "Nestor! Ya heshima!" Anapakia. Kidogo kidogo bantu bakajua njia. Hata hawakumuuliza tena, bakapita mbele yake sawa anakuwa mti, banakuja moja kwa moja kwangu. Na Wilondja, kuona vile, naye akaanza kutoa yake, si yeye ni nahodha? Nestor alibakia na jina na filimbi. Mi nilibakia na sauti. Na sikuona. Nilifikiri ndiyo ukubwa.

Ile siku ilikuwa siku ya soko. We ulikuwa mwaka wa tatu ya primeri, ulikuwa umekaa ku muchanga na bale barafiki zako ba kuruka kamba. Upepo ya kusini ilikuwa imeanza asubuhi, si mbaya, ya kusumbua tu vikwembe, vitenge bamama banajifunga. Mama yako mudogo, Anjelani, ule mwenye alikuwa anakusuka nywele, alichelewa. Akakuja anakimbia na mufuko yake ya karanga ku kichwa.

"Shemeji! Huyu Murundi wako ananikatalia!"

"Nestor," nikasema, "ni shemeji yangu. Moja tu, ya heshima."

Akakuja mpaka karibu yangu. Hakupenda kusema mbele ya bantu. "Mzee, ya Wilondja imeshaingia, ya mama mukwe wake. Na ya mwalimu imeshaingia, ulimukubalia jana. Mustari imezama. Angalia."

Nilikuwa nimesahau ya mwalimu. Ya Wilondja sikuijua. Kila muntu alikuwa anajua mufuko yake tu, Faida. Kati ya sisi bote, ni yeye peke yake alikuwa anajua zote.

"Pakia," nikasema.

"Nitapakia, ni boti yako. Lakini ya tatu mi sipigi."

Akasema polepole, lakini mwalo ulisikia. Bantu bakasema "Eeeeh!" Unajua ile eeeh. Nilisikia uso yangu inapata moto. Muntu mwingine angekasirika, angepiga makelele, pengine ingekuwa afazali, maana hasira inapita na bantu banaanza kufikiri. Lakini mi ni mi. Nilifanya mchezo. Nikaanza kumuzunguka Nestor sawa nacheza ngoma, nikakamata ile kamba na vidole mbili, nikaivua ku shingo yake polepole, sawa bwana anavua bibi yake mukufu. Nikajivalisha. Nikanyosha mugongo sawa polisi wa barabara, nikapiga ya tatu.

Mwalo muzima ulianguka. Na we ulianguka wa kwanza. Ulicheka mpaka ukalala mu muchanga, miguu juu. Naona ile miguu yako mpaka leo.

Usijilaumu. Ulikuwa mutoto, na nilikuwa nachekesha kweli.

Nestor hakucheka. Aliniangalia kidogo, halafu akaingia mu maji, akapanda boti. Hakuwa anasafiri, kazi yake ilikuwa inaishia ku mwalo. Nikamuuliza: "Unaenda wapi, we?"

Akasema: "Si mi ndiye shefu wa mizigo?"

Ingine unajua. Walipopita ile rasi ya mawe upepo ikageuka, mawimbi ikaanza kuingia. Wilondja alitaka kurudia, na boti nzito hairudii upesi. Nestor alitupa mifuko mu maji, alianza na ile ya heshima. Boti ikalala ubavu. Bantu ba kuvua ndagala, dagaa yetu, benye walikuwa banarudia na mitumbwi yao bakaokota bantu, moja, moja, moja. Bakaokota bote isipokuwa moja. Nestor, mwenye hakujua kuogelea, alikuwa ameshikilia ubao na mukono moja, na mukono ingine ilikuwa imemukamata Anjelani. Walipomuvuta mu mutumbwi mukono bado ilikuwa imefunga. Ndani ilikuwa kikwembe ya Anjelani tu.

Nimepumuzika kidogo. Mama yako amepita mulangoni, akaona biki yangu ku karatasi.

"Unaandika testamenti?"

"Ndiyo."

"Una nini ya kuachia bantu?"

"Filimbi."

Akasimama. Akarudia ku sombe yake. Faida, mama yako alikuwa ku mwalo ile siku. Ni dada yake. Aliona kila kitu, na toka ile siku mpaka leo hakunisema hata mara moja. Mi nilizania ni musamaha. Sasa nimezeeka, nafikiri alikuwa ananiachia nafasi ya kusema mwenyewe, na nimemuweka akisubiri ile miaka yote.

Maana niliifanya ingine, mbaya kupita ya kwanza. Shefu wa kijiji alituita bote mu barza yake ya kuamua maneno. Akauliza: "Nani alikuwa shefu wa mizigo?"

Mudomo yangu hii, yenye haijanyamaza hata mu misa ya wafu, ikanyamaza.

"Ni mimi," Nestor akasema.

"Ulipima?"

"Nilipima."

"Nani alipiga filimbi?"

Akaniangalia. Mi nikaangalia kambambili zangu ku miguu. Najua mpaka leo zilikuwa za rangi gani. Mwalo muzima uliona nani alipiga, na mwalo muzima ulikuwa umecheka, basi nani angeinua mukono? Na yeye alikuwa mugeni, hakuwa na mujomba hata moja mu ile barza.

"Filimbi ilikuwa yangu," Nestor akasema.

Walimufukuza Swima. Akaenda Lubondja na bibi na batoto, kulima mashamba ya bengine. Mi nikauza mbao ya boti, tukahamia huku Baraka, nikawa muuza ndoana na mafuta ya taa, na bantu banasema "maskini, ule Murundi alimumaliza". Usiku ya matanga ya Anjelani uliniuliza: "Papa, ni Nestor alizamisha mama Anjelani?" Nilikujibu: "Lala, mwanangu." Sikusema ndiyo. Nilikuwa najisifu kwamba sikusema ndiyo. Lakini ulilala nayo sawa ndiyo, na ulipokutana na bibi ya Nestor hapa ku soko ukakataa salamu yake, ukageuza uso, nilikuwa pembeni yako na kilo ya vitunguu mu mukono, na sikusema kitu.

Basi. Imetoka. Muiba iko ku meza.

Sasa rudia ku ukurasa wako wa visanduku. Umejichora katikati, "Jerante, Kalemie", ndiyo musimamizi. Chini yako visanduku sita: manahodha mbili, shefu wa mizigo, makanika, mulinzi, mwenye kazi ya ofisi. Juu yako Patron Etando. Vizuri, rula haikupinda. Lakini kuna mistari mbili inatoka kwa Etando, inazunguka kisanduku chako, inashuka mpaka kwa manahodha. Si mistari ya kweli, ni midoti, nukta-nukta. Juzi, ulipokuwa unachora, nilikuuliza ile midoti ni ya nini, ukacheka: "Ni mawasiliano tu, Papa. Patron anapenda kubapigia telefone." Mwanangu, ile midoti ni matundu. Ni pale maji inaingilia.

Na kontra yake, Kifaransa yangu ni ya samaki lakini nimeelewa. Kipande ya tatu: jerante anajibia boti, bantu na mizigo. Kipande ya saba, huko chini, maandishi madogo: kuondoka na kupakia kutaamuliwa na patron. Yeye atakuwa Baraka, amekaa, anakunywa chai, na hataona hata wimbi moja ya Kalemie. We utakuwa mu muchanga, unaona mustari imezama, na telefone inalia: "Faida, moja tu." Na ikifika barza, bataita jina gani?

Wamekuvalisha kamba ya kiatu, Faida. Ndiyo hiyo naogopa. Na ulikuwa unafurahi sana siku ulileta hii karatasi, mama yako alipiga vigelegele, jirani bakakuja, nikakosa pa kusemea. Hapana, huo ni uongo. Pa kusemea palikuwa. Nilinyamaza tena.

Wiki iliyopita nilisema naenda Lubondja kuangalia mbuzi. Nikarudia bila mbuzi, we ukanicheka, ukasema hata mbuzi imenikataa. Hakukuwa na mbuzi. Nilienda kwa Nestor.

Nilimukuta anachagua maharagi ku ungo, nywele nyeupe kunishinda. Hakusimama.

"Mzee, umekuja kuchukua nini tena?"

Nikakaa chini. Nikatoa filimbi. Unajua, sikuitupa, miaka yote ilikuwa mu ile kopo ya misumari. Nikamuambia: "Mutoto wangu anaenda Kalemie kuongoza boti za bantu. Nataka kumupa hii. Ni yako. Nimekuja kuomba ruhusa."

Alicheka, mwanangu. Kicheko ya muntu mwenye amengojea kitu mpaka akasahau alikuwa anangojea nini.

"Filimbi haikuwa yangu, Mzee. Nilikuwa naibeba tu."

Maharagi moja, maharagi mbili. Halafu akauliza: "Ni ule mutoto mwenye alilala mu muchanga akicheka?"

"Ni yeye."

"Na sasa ndiye shefu wa mizigo."

"Ni jerante."

"Ni kitu ileile, na viatu." Akapepeta kidogo. "Mwambie aulize mapema nani anasema twende. Mi niliuliza nikiwa tayari na kamba ku shingo."

Nikamuambia nitakuelezea we, Faida, kila kitu. Akasema, "Utaona." Hakuniaga. Bibi yake alinipa maji, na mi nikakunywa, na ile maji ilikuwa ngumu kumeza kuliko ziwa.

Kesho, mbele ya kuweka sinyatire, weka filimbi ku meza ya Etando, pembeni ya kontra. Ufanye na kicheko, unajua kufanya, ni damu. Muulize: "Patron, boti ya Kalemie ikijaa, nani anapiga ya tatu?" Akisema "ni wewe", aandike vile, afute ile saba, na mbele yako abapigie manahodha bote wawili telefone abaambie. Akisema "ni mimi", basi ajibie yeye, na wewe ukuwe karani wake tu, ni kazi nzuri, haina aibu. Akisema "tutaona, mambo ya kusikilizana", kamata filimbi yako urudie nyumbani. Jirani batacheka. Mi nitacheka nabo, halafu nitakupikia, na unajua vile napika, basi utaona namna gani nakupenda.

Lakini hiyo ni woga ya kwanza. Iko na ingine, na hiyo ndiyo kubwa.

Naogopa Etando atakubali. Utaenda, utapata kamba, na uwezo, na bantu sita. Na siku moja utakuwa na Nestor wako. Atakuwa mugeni, ao mukimya, ao kijana wa kunuka samaki, na utamupa kazi mbele ya bote, na atakuambia hapana mbele ya bote, na itakuwa kweli. Na bantu batasema eeeh. Na utasikia uso inapata moto. We uko na mudomo yangu, Faida. Unajua kuchekesha mwalo. Mu hii familia siogopi sana ukuwe Nestor. Naogopa ukuwe mi.

Ile siku usicheze ngoma. Kazi yenye umemupa muntu, ona haya kuichukua na vidole mbili. Kama amekosea, muite pembeni, mukiwa wawili, ichukue yote, kazi na lawama, sema "toka leo ni mi najibia". Usimuachie jina halafu ukamate sauti. Sikujua hii mu mwaka wa tano. Haikuwa mu somo ya samaki.

Nasikia sauti yako ku njia, unacheka na bamama ba korali. Nitarudisha kaye mu valizi, chini ya nguo, na nitakuambia "si nilisema uangalie vizuri?" Utanitukana kidogo. Nitaipenda.

Filimbi iko mu soksi ya buluu. Usipige mu nyumba, mama yako ataisikia, na hajaisikia toka ile siku.

Na kesho ku mwalo, mwenye boti ya kukupeleka si Etando wala si mi, simujui. Angalia ubavu wake mbele ya kupanda. Kama ameweka mustari na imezama, shuka. Hata kama umeshapanda, hata kama valizi yako iko chini ya mizigo, hata kama nauli imeingia mu mufuko yake. Na kama mu ile mavurugu, juu ya aibu ao juu ya mazoea, utasikia sauti ya mzee mu muchanga inasema "panda tu mwanangu, bantu banangojea", jua ni mi ule wa zamani ameponyoka. Usimusikilize. Mi wa leo nitakuwa nimeshika mudomo na mikono mbili.

Ukipita Lubondja siku moja, usalimie bibi ya Nestor. We wa kwanza.

Baba yako,
mwenye kesho hatatoa amri hata kwa mbuzi yenye hakununua